Nusu ya Sahani

Wodi ya Wanaume, Mikumi
10 Machi 2025

Mama Monica, shikamoo.

Mimi ni Scolastica Seni, yule wa mazoezi ya viungo uliyemkabidhi mzee wako mwezi uliopita ulipokimbilia Kidete kuwahi palizi. Ulisema nikiwa na neno nikuandikie, kwa sababu simu yako haishiki mtandao mpaka upande juu kanisani, na huko juu kila mtu amesimama na simu yake, hutaki kuyasema mambo ya mume wako kwa sauti. Barua hii nampa kondakta wa basi, na Amon wa pikipiki ataipokea stendi ya Kilosa akuletee.

Mzee Abeli anaendelea vizuri. Leo ni wiki ya tano tangu kiharusi kimwangushe alipokuwa amekuja kumtembelea Monica hapa Mikumi. Mkono wa kushoto bado mzito na mguu wa kushoto anauburuza kidogo. Lakini anasimama mwenyewe, anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, anameza bila kupaliwa, na maneno yake, kama unavyomjua, hayajapungua hata moja. Kila asubuhi ananiuliza namwachia lini.

Daktari ataniuliza mimi kama yuko tayari kwenda nyumbani. Nikijibu hilo siangalii nguvu zake peke yake, naangalia na kule anakokwenda. Kwa hiyo niambie: nyumba ina ngazi? Choo kiko mbali kiasi gani? Kitanda kina kimo gani? Mchana atakuwa na nani? Kuna kitu chochote njiani kinachoweza kumtia hatarini? Niambie hata lile unaloliona dogo. Mwaka juzi nilimruhusu baba mmoja bila kuuliza vya kutosha, kumbe kwake wanavuka korongo juu ya gogo. Sijamsahau, na sitaki mwingine.

Wako,
Scolastica Seni


Kidete
17 Machi 2025

Mwanangu Scolastica, marahaba.

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya petroli ya Amon, lakini inasomeka. Masista wa zamani walitufundisha kujibu maswali yote kwa mpangilio, basi nakujibu.

Nyumba yetu ni ya chini, ngazi haina hata moja. Choo kiko hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa nyuma, nimezihesabu jana kwa hatua zangu, za Abeli ni chache zaidi. Fundi Innocent amekwisha kuchonga kiti cha mbao chenye tundu ili asichuchumae. Kitanda kinanifika gotini. Mchana nitakuwa naye mimi mwenyewe, shamba letu liko hapo mbele, hata dakika tano hazifiki. Hilo la hatari nimelifikiria siku nzima. Mto hatuuvuki, gogo hatuna, mbwa wetu ni mzee kuliko sisi. Sioni kitu.

Wewe ni mgeni kwetu, kwa hiyo nikwambie ni mtu gani unamrudisha. Abeli alikuwa nyapara wa gengi la kutengeneza reli miaka thelathini na moja. Ni mtu wa amri. Katika ndoa yetu ya miaka arobaini sijawahi kusikia neno laini kinywani mwake, wala sikulitafuta, maana kazi zake nilikuwa naziona. Lakini tangu aanguke nimegundua nyumba isiyo na amri zake ni kubwa mno. Usiku naamka kumjibu mtu ambaye hajaniita. Ukiona anafaa, mlete.

Mimi,
Letisia, mke wa Abeli


Mikumi
24 Machi 2025

Mke wangu Letisia,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, wa kulia ni mzima. Nimefaulu.

Yule binti wa mazoezi ana karatasi yake yenye vistari vimetapakaa kama vijiti vilivyomwagika. Unapewa kalamu uvikate vyote. Mara ya kwanza nilikata ishirini na vitatu nikaona vimekwisha. Akatikisa kichwa, akaniambia viko arobaini. Hapo alifanya kosa. Mtu aliyehesabu mataruma, yale magogo yanayobeba reli, maisha yake yote humtajii idadi halafu utegemee asiifikishe. Juzi nilipofika ishirini na vitatu nikajua bado. Nikaivuta karatasi kidogo kidogo, nikapapasa mpaka ukingoni, nikavikuta vimejificha huko. Arobaini. Akafurahi, akaandika.

Usimwambie yule binti. Bwana wa kitanda cha jirani alifariki Jumapili, walimfunika akiwa bado anaulizia ng'ombe wake. Mimi nataka kuyaona mahindi yangu yakibeba. Andaa nyumba.

Abeli


Mikumi
27 Machi 2025

Mama Monica, shikamoo.

Nimeandika kwamba yuko tayari, na daktari ameweka sahihi. Monica atamleta Jumamosi. Amefaulu vipimo vyote, hata ule wa karatasi uliokuwa ukimshinda mwanzoni. Dawa ya presha asiiruke hata siku moja. Fimbo aishike mkono wa kulia. Kliniki arudi baada ya wiki sita.

Aliniaga akiwa amevaa kofia, akanikagua toka juu hadi chini kama mimi ndiye ninayeruhusiwa, akasema kazi yangu si mbaya. Wauguzi wameniambia hiyo ni sifa kubwa kutoka kwake. Nitamkumbuka.

Wako,
Scolastica


Kidete
14 Aprili 2025

Mwanangu Scolastica, habari za huko?

Abeli yuko nyumbani wiki ya tatu sasa. Presha inapimwa zahanati, dawa anakunywa, choo cha Innocent amekisifu. Amri zimerudi, sasa natamani siku moja ya mapumziko.

Vitu vidogo vipo. Bega la kushoto analigonga kwenye mwimo wa mlango, lina alama nyeusi. Asubuhi anatoka na ndala moja tu, ya kulia, namwita nyuma kama mtoto wa shule. Nadhani wauguzi wamemdekeza, mmemzoesha kuvalishwa.

Lakini kuna jambo jingine nataka kukuambia kwa sababu wewe ni mwanamke na uko mbali. Watoto walipokuwa wadogo, Abeli alikuwa akibakiza chakula kwenye sahani, kama baba yeyote wa huku, na Monica na kaka zake walikigombania hicho kuliko cha sufuria. Walipokua akaacha. Miaka mingi sahani yake imekuwa ikirudi jikoni safi. Sasa tangu atoke kwenu, kila mlo anabakiza nusu. Nusu kamili, kama ameipima kwa kisu: ugali nusu, maharage nusu, upande mmoja umekwisha na wa pili haujaguswa. Namwambia malizia, anasema nimemaliza. Watoto hawapo, nyumba ni ya watu wawili. Basi nimeelewa kwamba ananibakizia mimi. Hawezi kusema, ila anabakiza. Hata ile barua aliyoniandikia wodini ilianzia katikati ya karatasi, nusu nzima ameiacha nyeupe. Mimi nachukua ile sahani nakwenda kuila jikoni, na sikufichi, siku ya kwanza nililia.

Kwa hiyo nakushukuru. Ulinirudishia mtu na chenji juu yake.

Sasa anataka kutembea. Jumanne baada ya Pasaka amesema atakwenda peke yake kuangalia mahindi. Ni karibu tu, anavuka reli na kushuka kidogo. Nimeona si vibaya, ajisikie mwanamume.

Mama yako,
Letisia


Mikumi
22 Aprili 2025, asubuhi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeikuta mapokezi leo, ilikaa hapo sikukuu zote. Nimepiga simu yako mara sita, haipatikani. Monica anapanda basi sasa hivi na karatasi hii. Mzee asivuke reli. Tafadhali, asivuke hata hatua moja bila mtu kushotoni kwake.

Hukunitajia reli, na mimi sikuiuliza kwa jina. Lakini kosa ni langu. Kiharusi chake kilipiga upande wa kulia wa ubongo, na mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho ni mazima, masikio ni mazima, ila akili haimwambii kwamba kushoto kupo. Hatafuti anachokikosa kwa sababu hajui kama anakikosa. Ndiyo maana anagonga bega. Ndiyo maana ya ndala moja. Ile karatasi ya vistari kazi yake ilikuwa kunionyesha hilo, na sijui alinipitaje.

Samahani kwa hili la mwisho, nimelifikiria kama niliandike. Anachokibakiza ni kilichoko kushoto. Hakioni. Nami nilikiona kabla yako: Monica alikuwa akiondoka wodini na bakuli nusu kila siku, nikasema moyoni, mzee huyu ni kama baba yangu kule Masanze, hakumaliza sahani bila kutukumbuka sisi watoto. Nikapita. Mtu asiyekuwa na baba wa namna hiyo angeuliza.

Scolastica


Kidete
24 Aprili 2025

Kwa Mtaalamu Scolastica Seni,

Monica alifika Jumanne jioni. Barua yako ilikuwa na haraka, lakini Abeli alikwisha kwenda saa tatu asubuhi.

Nilikuwa mlangoni nikimtazama kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza. Kiberenge, kile kigari cha reli cha gengi, kilitoka upande wa Kilosa, kushoto kwake. Honi ilipigwa mara tatu, niliisikia mimi, na yeye aliisikia, maana alisimama. Alisimama katikati ya reli akageuza kichwa kulia. Honi ikapigwa tena, akageuza tena kulia, akitafuta. Nilipiga kelele lakini sauti yangu nayo ilikuwa nyuma yake kushoto. Kiberenge kilisimama hatua mbili kutoka kwake. Aliyekiendesha ni Thadeo, ambaye Abeli mwenyewe alimfundisha kazi akiwa kijana. Thadeo aliruka chini akamshika, na yeye akamuuliza, "Umetokea wapi?"

Thadeo akasema, "Kushoto, mzee. Nimetokea kushoto."

Abeli aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto, akakaa juu ya taruma. Gengi zima walimwona. Hajaumia ila magoti yamechubuka. Tangu siku hiyo amekaa kitandani amegeukia ukuta, na amri hazipo tena.

Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi. Habari ya karatasi yako nilikuwa naijua. Aliniandikia kwamba anahesabu, kwamba uliwahi kumtajia arobaini, akapapasa mpaka akavitimiza. Nilicheka, nikaona bado ni Abeli. Sikukuambia kwa sababu nilitaka arudi. Na reli sikuitaja kwa sababu hapa hakuna mtu anayesema ana reli mbele ya nyumba, ni sawa na kusema una uwanja. Wewe ulisema yuko tayari, mimi nikasema nyumba iko tayari, yeye akasema amefaulu. Wote watatu tulikuwa tunajibu tulichokitaka.

Lakini hilo la sahani, Scolastica. Uliliandika kwa uungwana na ni kweli, nimekwisha kulihakiki. Jana niliigeuza sahani akiwa amemaliza, akashangaa kuona chakula, akakila chote. Kwa hiyo hakuwa akinibakizia. Ningependa ungeniambia ya reli, na hili ungeniachia.

Letisia


Mikumi
29 Aprili 2025

Mzee Abeli, shikamoo.

Nimeandika upande mmoja tu wa karatasi, wa kulia, ili barua ikufikie yote. Monica ameniambia hutaki kuja kliniki wala kutoka nje. Simlaumu mtu. Mimi ndiye niliyekutajia idadi, na mimi ndiye niliyeamini karatasi kuliko bakuli lako.

Nina swali ambalo sina mtu mwingine wa kumuuliza. Gengi likiwa limeinama linafanya kazi kwenye reli, watu hawaoni treni inatokea wapi. Mlikuwa mnajilindaje? Najua kuna bendera, lakini sijui sheria yake. Nikiijua huenda ikanisaidia kukufundisha, kwa sababu upande uliopotea hauwezi kurudi kwa kulazimisha, unarudi kwa kuuzoea kama kazi.

Njoo kwa wiki tatu. Hutalala wodini, utalala kwa Monica, na asubuhi utakuja kwangu.

Mama Monica, najua utaisoma hii kabla yake. Umesema kweli. Karatasi zangu zinapima macho na mikono. Kilichokuwa moyoni mwake alipoondoka mezani hazikipimi, na mimi niliandika kama zinakipima. Naomba radhi.

Scolastica Seni


Kidete
8 Mei 2025

Binti Scolastica,

Marahaba. Barua yako imefika nzima. Ile uliyotuma na Monica niliichukua mwenyewe nikaisoma, nikaona kila mstari unaanzia katikati ya maneno, nikamwambia Letisia kwamba wasomi wa siku hizi hawajui kuandika. Sasa ninajua nani alikuwa hajui kusoma.

Umeuliza sheria ya bendera. Gengi likiingia kazini, bendera nyekundu inawekwa pande zote mbili, mbali, treni iione kabla haijafika. Si upande mmoja. Niliwahi kumfukuza kazi kijana aliyeweka moja akasema upande wa pili hakuna kitu kinachokuja. Nilimwambia hujui kinachokuja, ndiyo maana unaweka bendera. Nilimtukana mbele ya wenzake. Na mimi nimekuwa nikitembea miezi mitatu na bendera moja.

Letisia amechana kitambaa chekundu. Kimoja amekifunga kwenye mkono wangu wa kushoto, kingine kwenye mwimo wa kushoto wa mlango. Sheria ni hii: mguu hautoki mpaka jicho limeona nyekundu. Hata barua hii nimeiandika kwenye daftari la shule, wameweka mstari mwekundu kushoto, sijui waliokuwa wakiutengeneza walimfikiria nani. Kila nikimaliza sentensi nautafuta. Inanichosha sana. Nimeanza asubuhi na sasa ni mchana.

Jumanne ile niliogopa. Nilikuwa sijawahi kuiogopa reli. Kitu kilichonitisha si kiberenge, ni kwamba niliangalia nikaona njia ni nyeupe. Kama si Thadeo ningekufa nikiwa na uhakika.

Nitakuja Jumatatu. Kipimo chako nakipokea, lakini safari hii usiniambie viko vingapi.

Abeli


Kidete
23 Juni 2025

Mwanangu Scolastica,

Tumekaa kimya kidogo kwa sababu ya mavuno. Abeli alirudi kwako akiwa na adabu ambayo sikuijua, nadhani ataimaliza mwezi huu. Aliniambia kwenye karatasi mpya alikata thelathini na moja, na hukumtajia idadi, na uliandika kwamba bado hayuko tayari kutembea peke yake. Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyepewa cheti. Nadhani kusikia ukweli kutoka kwako kumempumzisha.

Reli hatuvuki bila mimi kusimama kushotoni kwake. Tunafika ukingoni, anatafuta kitambaa mkononi, anageuza kichwa mpaka kidevu kinafika begani, anasema "kushoto salama," halafu kulia. Watu wa gengi wakipita wanasubiri amalize. Thadeo hacheki, na asipocheka Thadeo hacheki mwingine. Mahindi ameyaona yakiwa yamekauka, si yale ya kijani aliyoyataka, ila ameyaona.

Chakula ulimfundisha kuizungusha sahani. Anakula, anasimama, anaisukuma robo mzunguko, anakula tena, mpaka inarudi ilipoanzia. Wiki tatu nzima sahani imekuwa ikirudi jikoni safi kama zamani, nami nilifurahi kama mgonjwa wako anavyotakiwa kufurahiwa. Nikwambie kweli, nilikuwa nafurahi na kukosa kitu. Nilikuwa nakula changu kwenye sufuria, maana ningemwambiaje: ugonjwa wako umepungua na mimi nimepungukiwa?

Jana Jumapili tulipotoka kanisani nilipika samaki. Alizungusha sahani yote, akamaliza kushoto, akaizungusha tena kuhakikisha. Kisha akachukua kipande cha samaki kile kinono cha tumboni, na tonge la ugali, akavisogeza kwa kidole mpaka ukingo wa kulia kabisa, upande ambao haupotei kwake hata akiwa usingizini. Akanawa mkono.

Nikamwambia kama kawaida, malizia.

Akasema, "Hiyo nimeiona. Hiyo ni yako."

Sikuipeleka jikoni. Nimeila hapo hapo mezani, akiniangalia.

Mama yako,
Letisia